Uzi Mnene na Sauti Nyembamba: Tahakiki ya Sahani ya Jaco Pastorius ya Mwaka 1976

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu makala za tenzi, za lahaja na za asili za maneno. Kwa hiyo sina budi kueleza kwanza kwa nini naleta mbele yao sahani ya santuri ambayo, ukiacha wimbo mmoja, haina neno hata moja ndani yake. Mwenye sahani ni Mmarekani, John Francis Pastorius, aliyejulikana kwa watu wote kwa jina la Jaco. Chombo chake ni gitaa la besi. Na sahani yenyewe, iliyotolewa na kampuni ya Epic mwaka 1976, haikupewa jina ila lake: Jaco Pastorius. Ina vipande tisa, na ni hivyo tisa vya asili ninavyovizungumzia hapa.

Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni sahani yenyewe, ambayo naamini imesifiwa sana na kusikilizwa kidogo. Ya pili ni lugha yetu. Tumeandika mengi juu ya maneno ya nyimbo, na machache mno juu ya sauti zake. Mhakiki wa Kiswahili aghalabu hufafanua shairi kwa vina, mizani, kituo na bahari. Lakini akifika kwenye ala huacha kufafanua akaanza kusifu. Atasema vidole ni vyepesi, besi linatikisa, gitaa linazungumza. Sifa hizo hazina kosa, ila hazimwambii msomaji jambo lolote ambalo hangeweza kusema bila ya kusikiliza. Kusifu ni jambo moja na kueleza ni jambo jingine, na tahakiki isiyoeleza haina tofauti na makofi.

Mimi mwenyewe nina deni katika jambo hili. Sahani hii niliisikia mara ya kwanza nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, chumbani mwa mwenzangu, usiku wa baridi. Nikamwambia kwamba ni kelele za mtu anayevionyesha vidole vyake. Yeye hakunijibu, aliirudisha sindano mwanzo tu. Hukumu ile niliitoa kabla ya kusikia, na makala haya ni malipo yake.

Tuanze na jina la aina ya sahani. Kwa desturi sahani kama hii huitwa ya solo, yaani ya mwanamuziki mmoja aliyejitokeza kwa jina lake mwenyewe. Lakini katika lugha ya bendi zetu za dansi neno solo limekwisha kupewa kazi nyingine. Gitaa la solo ni lile linaloongoza kwa sauti nyembamba. Nyuma yake lipo gitaa la rithimu, na chini ya yote lipo gitaa la besi. Kwa hiyo kwa mpigaji wa Dar es Salaam au wa Morogoro mpiga solo na mpiga besi ni watu wawili, wenye vyeo viwili, na mara nyingi wenye majina yasiyolingana kwa umaarufu. Ukimwambia kuna sahani ya solo ya mpiga besi, umemtegea kitendawili. Nasema kitendawili hicho kina haki, maana ndicho kiini cha sahani hii. Swali linaloulizwa tangu kipande cha kwanza hadi cha mwisho ni hili: yule aliyewekwa chini ili wengine wasimame juu yake, akiinuka, nani atabaki kuwa chini?

Neno la pili la kuangaliwa ni la sauti yenyewe. Lugha nyingi za Ulaya hupanga sauti kama ngazi, nyingine juu na nyingine chini. Kiswahili hakipangi hivyo. Mtu akisema kwa sauti ya juu, sisi twafahamu kwamba amepaza. Akisema kwa sauti ya chini, amenong'ona. Tunapotaka kutenga sauti ya mtoto na sauti ya mzee twasema moja ni nyembamba na nyingine ni nene. Baadhi ya waandishi wetu wa siku hizi, kwa kufuata vitabu vya kigeni, huandika kwamba besi lina sauti ya chini; msomaji asiyejua hicho kitabu cha kigeni hudhani linapigwa polepole lisisikike. Hapana haja ya kuazima. Besi lina sauti nene, na lugha yetu yalinganisha unene huo na jambo linaloonekana kwa macho, maana uzi wenyewe ni mnene. Katika nyuzi nne za gitaa la besi, mnene kuliko zote hutetema mara 41 hivi kwa sekunde ukipigwa mtupu. Unaofuata mara 55. Wa tatu mara 73. Na mwembamba kuliko zote mara 98. Unene wa uzi na unene wa sauti huenda pamoja. Naomba msomaji aliweke neno hili akilini, kwa kuwa tutalihitaji tutakapofika katika kipande cha tano.

Sasa chombo. Gitaa la besi la umeme lililopata kuenea duniani lilitoka katika karakana ya Leo Fender huko California mwaka 1951, mwaka ule ule aliozaliwa Pastorius, tarehe 1 Desemba, mjini Norristown katika jimbo la Pennsylvania. Jina la gitaa lile lilikuwa Precision, yaani usahihi, na usahihi huo ulitokana na vijiti vya chuma vilivyopachikwa kukata shingo yake. Katika besi kubwa la kusimama la zamani mpigaji alitafuta mahali pa sauti kwa sikio na kwa mazoea. Katika gitaa jipya kidole kikikanyaga popote kati ya vijiti viwili, kijiti ndicho kiamuacho. Kosa dogo la kidole halisikiki. Hii ilikuwa neema kwa wapigaji, na kama neema nyingi ilikuwa na bei yake: sauti iliyo kati ya kijiti na kijiti ilipotea.

Pastorius, aliyekulia Florida karibu na Fort Lauderdale, alianza kwa kupiga dramu kama baba yake, akaliacha kazi hiyo akiwa kijana baada ya kuumia mkono katika mchezo, akahamia besi. Gitaa lake mashuhuri, la Fender la mwaka 1962, lilikuwa limeng'olewa vijiti vyote, na ubao wa shingo ukapakwa dawa ngumu ya kupakia mashua ili nyuzi za chuma zisiule. Mtu wa pwani atafurahi kusikia habari ya mashua. Lakini yafaa afurahi zaidi kwa sababu nyingine. Udi wa taarabu hauna vijiti. Sikio lililolelewa na udi na fidla lajua tayari ni nini kusikia kidole kikiteleza kutoka sauti hadi sauti bila ya kuruka, na lajua jinsi mpigaji mzuri anavyoifikia sauti kwa kuikaribia kidogo kidogo, kama mtu anayeshika kitu cha mwenyewe kwa adabu. Kile ambacho wahakiki wa Marekani mwaka 1976 walikiona kuwa ni kipya katika gitaa la umeme, kwa ukoo wa ala ni cha kale. Upya wake ulikuwa katika kukirudisha mahali kilipoondolewa kwa makusudi.

Kipande cha kwanza ni Donna Lee. Wimbo huu ulirekodiwa na kundi la Charlie Parker mwaka 1947. Umeandikwa kwa jina la Parker, ingawa Miles Davis, aliyepiga tarumbeta siku hiyo, alidai baadaye kwamba ni wake. Ulitungwa juu ya mwandamano wa sauti za wimbo mwingine wa mwaka 1917, uitwao Indiana. Desturi hiyo ya jazi haiwezi kumshangaza msomaji wa mashairi yetu. Mshairi wa kujibizana huchukua vina na mizani za mwenzake akatia maneno yake mwenyewe, na mwenye kutunga takhmisi hubakiza mishororo ya mwenziwe akaizungushia yake. Nyumba ni ya zamani na mkazi ni mpya. Parker na wenzake walikuwa wamehamia katika nyumba ya Indiana; Pastorius akaja kubisha hodi katika nyumba ya Parker.

Lakini alikuja na nini? Alikuja na gitaa la besi, na Don Alias akiwa na tumba. Basi. Hapana piano, hapana gitaa jingine, hapana dramu. Wimbo uliotungwa kwa saksafoni na tarumbeta, wenye mbio na konakona ambazo wapigaji wa saksafoni hujipimia ustadi, wapigwa kwa sauti nene kutoka mwanzo hadi mwisho kwa muda usiotimia dakika tatu. Hapa ndipo wengi husifu vidole, na mimi ndipo nilipokosea ujanani. Mbio ni kweli zipo. Lakini jambo kubwa zaidi ni lile lisilopigwa. Kazi ya besi katika jazi ni kutembea chini ya wimbo na kuonyesha mwandamano wa sauti umefika wapi. Kwa besi msikilizaji hujua sakafu iko wapi. Katika Donna Lee hii besi limepanda juu kuimba wimbo, na sakafu hakuna anayeipiga. Tumba zatunza mwendo, hazitunzi mwandamano. Hata hivyo wimbo hauanguki. Msikilizaji mwenye kuujua huisikia sakafu kichwani mwake, kwa kuwa kila kipande cha sauti anachokitoa Pastorius kimechaguliwa ili kudokeza sauti zisizokuwapo. Ni kama mghani anayesoma ubeti mbele ya watu wanaoujua utenzi: huacha silabi ya mwisho midomoni mwao, nao hawaikosi.

Tena kuna pumzi. Saksafoni hulazimika kunyamaza kwa sababu mwanadamu hulazimika kuvuta hewa, gitaa halilazimiki. Mpiga nyuzi mwenye mbio aweza kujaza kila pengo, na wengi waliomwiga Pastorius ndivyo wafanyavyo. Yeye mwenyewe hakufanya hivyo. Vituo vya wimbo amevitunza, na hata anapoacha wimbo na kuanza kubuni, bado asikika akipumua mahali ambapo mpiga saksafoni angepumua. Naona hapo ndipo mahali pa kutenga ustadi na mbwembwe: mbwembwe haijui kituo.

Sasa twende kwenye kipande cha tano, Portrait of Tracy, kilichopewa jina la mke wake wa kwanza. Hiki hupigwa na besi peke yake, hapana chombo kingine, nacho kwa maoni yangu ndicho moyo wa sahani nzima. Yafaa nieleze jinsi kilivyotengenezwa, kwani bila ya maelezo hayo sifa zake zitakuwa makofi.

Mpigaji akiukanyaga uzi hadi ubaoni, uzi umefupishwa, nao hutoa sauti ya ufupi wake. Lakini akiugusa tu, bila ya kuukanyaga, mahali palipo katikati yake kamili, uzi hujigawa nusu mbili zitetemazo kila moja kwa upande wake. Ule wa mitetemo 55 hutoa sauti ya mitetemo 110. Ukiguswa kwenye theluthi hutoa 165. Kwenye robo 220. Kwenye sehemu moja ya tano 275. Kwa kukosa neno lililozoeleka nitaziita sauti hizi sauti za mgawo. Si sauti zilizoletwa kutoka nje. Zilikuwamo ndani ya uzi tangu ulipopigwa mtupu, zimefunikwa na ile nene. Kidole chepesi huiondoa nene tu, nazo zikabaki zikisikika, nyembamba, safi, kama kengele. Sauti ya mgawo wa tano, kwa mfano, haikubaliani sawasawa na sauti ya jina lake katika piano, maana piano hurekebishwa kwa kugawanya tofauti. Ni pungufu kidogo, na upungufu huo ndio utamu wake.

Wanafunzi wangu wa fonetiki huniuliza kila mwaka kwa nini irabu a na irabu i ni tofauti hata zikiimbwa kwa unene ule ule. Huwajibu kwamba kila sauti ya mwanadamu ina sauti nyingi nyembamba ndani yake, na kinywa kwa kujipanua na kujibana huchagua zipi zisikike zaidi. Mwaka mmoja nilipokuwa natafuta mfano wa jambo hilo nilikikumbuka kipande hiki, nikakileta darasani. Tulikisikiliza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimesahau somo. Nilikuwa nimetambua kwamba yule niliyemwita mwonyesha vidole amefanya jambo lililo kinyume cha maonyesho: amechukua chombo kinene kuliko vyote katika bendi, akakigusa kwa upole badala ya kukikanyaga, na kukiomba kitoe kile kilichokifunika wenyewe. Huko ndiko uzi mnene na sauti nyembamba vilipokutana, na Kiswahili chaweza kulisema jambo hilo kwa maneno mawili ambayo lugha zenye ngazi za juu na chini haziwezi kuyasema kwa ufupi huo.

Kipande hicho si mkusanyo wa sauti za mgawo tu. Lau kingekuwa hivyo kingekuwa jaribio la maabara. Sauti nene za chini yake zapigwa kwa zamu, nazo zikibadilika, ile ile sauti nyembamba iliyokuwa juu hubadilika maana, kama vile neno moja linavyobadilika maana katika sentensi mbili. Palipokuwa na utulivu panakuwa na shaka. Kisha utulivu hurudi. Chote hakizidi dakika mbili na nusu hivi. Hapana mbio hata mahali pamoja.

Kipande cha saba chaitwa Okonkolé y Trompa, na jina hili lastahili jicho la mwanaisimu. Okónkolo ni ngoma ndogo kuliko zote katika ngoma tatu za batá, ambazo Wayoruba waliopelekwa utumwani walikwenda nazo Cuba. Trompa ni neno la Kihispania la pembe ya shaba iliyokunjwa duara. Pembe yapigwa na Peter Gordon, ngoma na Don Alias. Katika batá ngoma kubwa, yenye sauti nene, huitwa iyá, yaani mama, nayo ndiyo inenayo na kuongoza. Ile ndogo yenye sauti nyembamba hurudia jambo lake pasipo kuchoka, ili wakubwa wake wapate mahali pa kusimama. Yaani huko mpango ni kinyume cha ule wa bendi ya dansi: unene ndio uongozi, na wembamba ndio utumishi.

Sikiliza basi alilolifanya Pastorius. Besi lake katika kipande hiki halina sauti nene inayoongoza. Larudia kwa sauti za mgawo, nyembamba, jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho, na pembe yaelea juu yake. Amelifanya gitaa lake okónkolo. Mtu aliyelitoa besi utumishini katika kipande cha kwanza, hapa amelirudisha utumishini kwa hiari yake, lakini kwa sheria ya nyumba nyingine. Kwa hiyo jibu lake kwa kile kitendawili cha mwanzo halikuwa kwamba besi lafaa kutawala. Jibu ni kwamba cheo cha chombo hakikuandikwa katika unene wa nyuzi zake. Kimeandikwa na desturi za watu, na desturi za watu ni nyingi.

Sitakuwa mkweli nikisema vipande vyote tisa vimelingana. Come On, Come Over, wimbo pekee wenye maneno, waimbwa na Sam na Dave, waimbaji wawili wenye sauti za kuamsha waliolala; na besi lake ni zuri, limekaa pale pale ambapo besi la dansi hukaa. Lakini kukaa kwake mara tu baada ya Donna Lee kwamrudisha msikilizaji nyuma kabla hajajua amefikishwa wapi. Nadhani uliwekwa hapo ili sahani ipate wanunuzi wa kucheza, na jambo hilo si dhambi, ila laonekana. Katika kipande cha nne, Kuru, kilichounganishwa na wimbo wa Herbie Hancock uitwao Speak Like a Child, kundi la fidla linaloongozwa na Michael Gibbs, mzaliwa wa Salisbury ambayo leo ni Harare, lajibizana na piano ya Hancock mwenyewe. Shauku ni nyingi, na kuna nyakati ambapo kila mmoja amesema na hakuna aliyesikiliza. Katika (Used to Be a) Cha-Cha filimbi ndogo ya Hubert Laws yarusha cheche, besi nalo lakimbia chini yake pasipo kukoma. Hapa, na hapa tu, naiona ile mbwembwe niliyoishtaki ujanani. Kinyume chake, Continuum, kipande cha tatu, chathibitisha faida ya shingo isiyo na vijiti kuliko hotuba yoyote: wimbo wa polepole, sauti zikifikiwa kwa kuteleza, na kila sauti ndefu ikitikiswa kidogo na kidole kama mwimbaji atikisavyo koo. Na Opus Pocus, wenye ngoma za chuma za Trinidad, wakumbusha kwamba Florida ni jirani wa visiwa, na kwamba kijana huyu alikua akisikia redio zao.

Kisha kipande cha mwisho, Forgotten Love. Ni utungo wa Pastorius. Piano yapigwa na Hancock, fidla ziko nyuma yake. Na besi? Besi halimo. Mwenye sahani, aliyeifungua akiwa karibu peke yake, aifunga akiwa hayumo kabisa. Sijui sahani nyingine ya mpiga chombo mashuhuri imalizikayo hivi. Bobby Colomby, mpiga dramu wa kundi la Blood, Sweat & Tears aliyesimamia kazi hii, angeweza kuomba mbio za kuagia; kilichopatikana ni kimya cha mwenye nyumba.

Ni rahisi mno kukisoma kimya hicho kwa yaliyofuata. Pastorius alijiunga na kundi la Weather Report mwaka huo huo wa 1976. Akapiga katika sahani ya Joni Mitchell iitwayo Hejira, ambalo ni neno letu hijra. Akasifiwa dunia nzima. Kisha ugonjwa wa akili na ulevi vikamwangusha, akawa mtu wa kulala nje. Mwezi wa Septemba 1987 alipigwa vibaya nje ya klabu moja karibu na Fort Lauderdale, akafa tarehe 21 ya mwezi huo, umri wake miaka 35. Kuna watakaosema ngoma ikivuma sana hupasuka, na kwamba katika kipande cha mwisho alijitabiria. Napinga usomaji huo kwa nguvu zote. Sahani ilirekodiwa mwaka 1975, mwenyewe akiwa kijana wa miaka 23, mwenye mke na watoto, na kazi yote mbele yake. Mgonjwa hakupigwa kwa sababu alivuma. Alipigwa na mtu, mlangoni, usiku. Methali ikitumiwa kufunika jambo kama hilo huwa si hekima tena. Nasi wahakiki tunapoyageuza maisha ya mtu kuwa maelezo ya kazi yake, aghalabu tunakwepa taabu ya kuieleza kazi. Kimya cha Forgotten Love kina maana iliyo karibu zaidi: mtu huyu alitaka kujulikana kwamba ni mtunzi. Besi lilikuwa kalamu yake, na siku moja aliiweka mezani ili tuone kwamba maandishi yangalipo.

Sasa niseme neno juu ya ile sifa kongwe kwamba gitaa lake lazungumza. Mimi niliyefundishwa kwamba lugha ni mfumo wa sauti zisizo na maana zijengazo maneno yenye maana, siwezi kuikubali. Gitaa halizungumzi. Hakuna mtu aliyewahi kuagizwa sokoni kwa Donna Lee akarudi na nazi. Lakini kuna mambo ambayo lugha na muziki vimeyarithi pamoja: pumzi, kituo, mkazo, kurudia, na kumwachia msikilizaji akamilishe. Katika hayo Pastorius ni fundi wa kiwango cha watunzi wakubwa, na katika hayo ndimo mhakiki wa ushairi wa Kiswahili amekwisha kuwa na msamiati. Haupungui, haujatumiwa tu.

Na mbegu yake haikuanguka mbali nasi. Richard Bona, mzaliwa wa Minta nchini Kamerun mwaka 1967, ameeleza jinsi alivyoikuta sahani hii mjini Douala akiwa kijana, katika mkusanyo wa sahani za jazi za klabu alikopiga, na jinsi ilivyomhamishia katika besi. Sahani yake ya kwanza, Scenes from My Life, ilitoka mwaka 1999, naye huimba zaidi kwa Kiduala, lugha ya Kibantu iliyo ndugu wa lugha yetu, ila yenyewe imeitunza toni ambayo Kiswahili kimeipoteza. Huko kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Bona mara nyingi huimba na kupiga besi kwa pamoja, sauti nyembamba ya koo na sauti nene ya uzi zikifuata njia moja. Twaweza kusema kwamba lile swali la 1976, nani awe juu na nani awe chini, kwake limekwisha kuwa swali lisilo na haja.

Naihitimisha tahakiki hii kwa ombi kwa wanafunzi wa lugha wanaoandika juu ya bendi zetu. Wapo wapiga besi wa dansi na wa taarabu ambao hakuna aliyeandika hata ukurasa mmoja wa namna walivyopiga. Tumeandika majina ya nyimbo na maneno yake, tukaacha sakafu. Msianze kwa kusifu. Semeni uzi upi, mnene au mwembamba. Kidole kimekanyaga au kimegusa. Kituo kiko wapi, na nini kimeachwa kwa msikilizaji. Yule mwenzangu wa chumba cha baridi alikuwa na haki kutonijibu. Nilikuwa nimetoa hukumu, na alinipa cha kusikiliza.